Jina Nililodhani Limenipotea

Dada yangu Saumu nimemwonea wivu tangu tukiwa watoto. Nilimwonea wivu nywele zake, nikamwonea wivu sauti yake ya kaswida, nikamwonea wivu hata namna anavyobeba mzigo wa kuni kichwani bila kuushika. Huo ulikuwa wivu wa kawaida wa mtu na dada yake, unaisha mkila sahani moja. Wivu ulionila nyama ni wa kumbukumbu. Saumu alikuwa anakumbuka jino la kwanza la mwanangu lilivyoota. Alikumbuka neno lake la kwanza na siku aliyosimama bila kushikwa. Mimi niliyembeba tumboni nilikuwa nimebaki na vipande tu, na vingine sikujua kama vilitokea kweli au vililetwa na ugonjwa.

Naandika kwa ajili ya mama mmoja niliyemkuta kliniki mwaka huu, amekalia benchi lile lile la dirishani nililokuwa nakalia mimi, mikono ameificha ndani ya kanga ili watu wasione inavyotetemeka. Tulizungumza kidogo tu akaitwa. Yapo mengi sikumwambia. Mambo ya kitaalamu siyajui, muulizeni daktari. Nitakayosema ni yale ya kukaa nayo nyumbani.

Kwetu ni juu ya Lukozi, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka jikoni. Niliugua wakati wa masika, mwanangu akiwa bado ananyonya na hajaanza kutambaa. Nilimpa jina la Zuhura, jina la bibi mzaa mama. Baba yake aliniachia nichague mwenyewe, na baadaye akaniachia na mengine yote, akarudi kwao Mombo akaoa.

Kwanza usingizi ulikata. Kisha nikaanza kuwasikia wanawake wakipalilia maharage bondeni huku wananisema, nikichungulia bondeni hakuna mtu. Halafu nikajua, kama mtu anavyojua kuwa leo ni Ijumaa, kwamba wachuuzi wa mboga wamemwiba mwanangu wanataka kumpeleka Dar es Salaam. Nikashuka sokoni siku ya gulio. Nikawa nafungua magunia ya karoti ya watu, namwaga chini, namtafuta mtoto. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, amelala.

Watu walicheka kwanza, kisha wakaacha. Saumu akaja mbio kutoka upande wa wauza viazi. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nipe huyu, mdogo wangu, umechoka," akafungua fundo la kanga kifuani pangu. Mengi ya mwaka ule yamefutika, lakini vidole vya dada yangu vikifungua lile fundo nimebaki navyo mpaka leo.

Mama alinipeleka kwa shehe kwanza. Shehe akanisomea, akaninywesha kombe, kisha akamwambia mama, "Dua tutaendelea nayo, lakini huyu kesho mpelekeni hospitali, msichelewe." Nasikia wengine hukaa huko miaka wakizungushwa. Yule mzee Mungu amlipe.

Hospitalini walinipa sindano na vidonge, na wakaniambia nisinyonyeshe. Akili ilikuwa imekubali kabla ya kifua. Maziwa yalijaa yakauma, yakalowesha gauni mbele ya wageni wa watu, na muuguzi mmoja akawa ananiletea vitambaa safi vilivyokunjwa. Kisha yakakauka. Ulimi ukawa mzito, mate yakawa yananitoka pembeni, mwili ukakakamaa, nikawa nageuka mzima mzima kama mtu aliyebeba ndoo. Baadaye nikanenepa mpaka pete ikakatwa kwa koleo. Ukipitia hayo usiogope kumwambia daktari, kuna vidonge vya kulegeza na kuna dawa nyingine. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilidhani ndiyo adhabu yenyewe.

Saumu alikuwa anakuja kuniona na makande kwenye hotipoti. Nilikuwa nasubiri aje, na akija natamani aondoke. Kanga yake ilikuwa inanuka mwanangu. Anakaa pembeni ya kitanda, anasema, "Amekula uji wote," au "Ameanza kutambaa, anarudi kinyumenyume," na mimi naitikia "Alhamdulillah" huku meno nimeyabana. Saumu hana mtoto. Aliolewa miaka mingi, hakujaliwa, mumewe akafariki. Watu walikuwa wakisema Mungu amempa faraja, na mimi nilikuwa naijua faraja hiyo imetolewa kifuani kwa nani.

Nilitoka wakati wa baridi, ule wa mwezi wa saba ambao hata mbwa hataki kutoka jikoni. Nikajiona nimepona, nikaacha vidonge. Hilo nalo wengi tunalifanya. Vuli ilipoanza kunyesha, wale wanawake wa bondeni wakarudi, safari hii wamekuja na wanaume. Nikarudishwa hospitali, nikakaa mpaka jua la kiangazi.

Siku niliyorudi mara ya pili, kaka yetu alinishusha kwa bodaboda mbele ya nyumba ya mama. Mtoto alikuwa uani, amekuwa mkubwa, anapanga magunzi ya mahindi mstari. Nikaita, "Zuhura!"

Hakugeuka.

Nikaita tena. Mama akasema "Astaghfirullah," akaingia jikoni haraka na ungo wake. Saumu alisimama kati yangu na mtoto, akamwinamia.

"Rehema," akasema. "Njoo umwamkie mama mdogo."

Mtoto akageuka palepale, akaja anayumba, akauweka mkono wangu kichwani mwake ili nimwitikie shikamoo ambayo alikuwa hajaweza kuisema. Nikasema "Marahaba." Mama mdogo. Mama mdogo ni mdogo wake mama. Kwa hiyo mama alikuwa mwingine.

Lakini lililonivunja miguu halikuwa hilo. Nilimtazama yule mtoto nikajiambia: anaitwa Rehema. Nimesahau jina la mwanangu. Nimemwita jina la marehemu bibi yangu, na wamenionea huruma wakanyamaza. Sikuwauliza. Ungeuliza nini? Unamuuliza nani, "Hivi mwanangu anaitwa nani?"

Mkumbuke kwamba nilikuwa nasahau kweli. Niliunguza maharage mpaka chungu kikapasuka. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mshunga, mama akala kimya, mboga chungu na chumvi juu yake. Nilikuwa natumwa dukani, nikifika nasimama namtazama mwenye duka, yeye ananitajia vitu kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto: sabuni? kiberiti? Mwenye duka yule hakuwahi kunicheka. Basi kwa mtu wa namna hiyo, jina la mtoto kupotea ni jambo la kuaminika kabisa.

Nikaanza kwenda kliniki Lushoto kila mwezi. Ukifika asubuhi unakuta mabenchi yameshajaa, watu wamejikunyata kwenye makoti, kila mmoja na ndugu wa kumsindikiza. Pale chumba cha kusubiri unajifunza kuwaonea wivu hata wagonjwa wenzako. Yule anaongea vizuri. Yule amepunguziwa dawa. Yule mumewe amemshikia mwavuli. Mimi nilikuwa nasindikizwa na Saumu, na mtoto akiwa mapajani kwake, anamlisha tunda la plamsi baada ya kummenyea ganda kwa meno. Alijua mwanangu hali ganda. Mimi nilijua hilo kwa kumtazama yeye.

Siku moja tukiwa pale benchini nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Dada, endelea kukaa naye. Mimi sifai. Hata jina lake lilinipotea, nilimwita la bibi."

Saumu alikuwa amemwinamia mtoto. Akamfuta kidevu. Kisha akasema, "Usijali, mdogo wangu. Utapona tu."

Nikamshukuru, nikamsifu kwa kuwa na moyo mkubwa. Wivu haukupungua ila nilianza kuuonea aibu.

Masika mengine yakaja. Nilikuwa nameza vidonge bila kuruka, nikaanza kukumbuka kidogokidogo ya dukani na ya jikoni. Mwezi mmoja tukamkuta daktari mpya, binti mdogo wa umri, mwenye sauti ya taratibu. Akataka mwezi unaofuata nije na mama na dada, wote, aijue familia. Tukaenda. Mama alivaa baibui lake la Idi.

Daktari alitupa kwanza mtihani wa kusikiliza. Akasimulia hadithi fupi: mama mmoja kaenda mnadani kununua mbuzi, mvua ikamkuta njiani, akajibanza kwenye kibanda cha fundi viatu, mbuzi akakata kamba akala kiatu cha mteja. Akatupigisha soga nyingine, kisha akataka mimi na Saumu tuirudie ile hadithi, mmoja ndani, mwingine akisubiri nje.

Mimi nilimpata mbuzi na mvua. Fundi viatu alinipotea kabisa, kwa hiyo sikujua mbuzi alikula nini. Nilitoka na uso chini. Akaingia Saumu. Mlango ulikuwa haufungi vizuri na mimi sikujizuia, nikasikiliza. Saumu, mwenye kichwa cha kukumbuka kila kitu, alisimulia ng'ombe! Ng'ombe alikuwa kwenye gari, na mwenye ng'ombe alikuwa mwanamume. Alisimulia vizuri sana, kwa madaha, hadithi ambayo hakuna aliyeisimulia.

Nitasema ukweli, roho yangu ilicheza ngoma. Niliziba mdomo kwa kanga nisicheke. Kwa mara ya kwanza tangu masika yale ya kwanza nilikuwa nimelingana na dada yangu.

Akatuita wote ndani. Akauliza kama katika ukoo aliwahi kuwapo mwingine mwenye maradhi kama yangu. Mama akatazama mikono yake.

"Alikuwapo mama yangu," akasema. "Masika yakianza alikuwa anachukua jembe anakwenda kulima mashamba ya watu, usiku na mchana, hata kula hali. Na sisi wanawe wote alituita jina moja, la kaka yetu mkubwa. Wazee walisema ana jini anampenda. Na huyu mwanangu akampa mtoto wake jina la huyo mama yangu. Alipoanguka mara ya pili na mtoto akashikwa na homa, analia hanyamazi, wazee wakasema jina ni zito, bibi anadai. Tukalivua. Tukampa Rehema."

Nilisikia mvua kwenye bati.

"Mmelivua?" nikasema. "Alikuwa anaitwa Zuhura?"

"Usilitaje, mwanangu," mama akasema, ameshika kifua. "Jina likishavuliwa halitajwi. Kulitaja ni kuliita."

Hapo ndipo nilipoelewa ukimya wa nyumba nzima. Mama alikimbilia jikoni kwa kuogopa jina, na mimi nilidhani ananiogopa mimi. Majirani nao walinyamaza kwa adabu, kila mmoja akiamini nimeshaambiwa. Na kichwa changu, kile kichwa kibovu kilichosahau kiberiti na sabuni, kilikuwa kimeshika jina la mwanangu muda wote huo bila kuliachia.

Nikamgeukia Saumu. "Nilikwambia benchini pale. Nilikwambia limenipotea. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza kwa sababu ya mwiko?"

Mama alitaka kumjibia, Saumu akamzuia kwa mkono. "Mwiko upo," akasema. "Lakini ningeweza kukwambia hata bila kulitaja. Sikutaka. Ningekwambia ungesimama ukamchukua mtoto." Machozi yakawa yanamtoka bila sauti. "Wewe unanionea wivu, nakuona. Unajua mimi nilivyokuwa nakutazama ulipokuwa na mimba? Nilikuwa natoka nje naenda kulilia kwenye migomba."

Sikumhurumia siku ile. Nawaambia hivyo ili anayesoma asidhani mimi ni malaika. Nilitaka kumpiga. Daktari akatuacha tulie, akatupa maji, kisha akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo, na mimi si mtu wa kushika maneno.

"Mama, maradhi haya yanaweza kupita kwenye damu ya ukoo. Hayapiti kwenye jina. Na siyo kila mwenye damu hiyo ataugua. Huyu mmoja ameugua, huyu hakuugua, lakini hata yeye kushika mambo kunamsumbua kidogo, na pengine hilo nalo mmelirithi pamoja. Hatujui yote. Tunachojua ni kwamba akiwahiwa mapema, mtu anapata nafuu mapema."

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Mtoto mleeni. Mkimwona anabadilika, mleteni."

Tulirudi Lukozi kila mtu na bodaboda yake. Kwa wiki kadhaa sikuongea na Saumu ila salamu, na salamu yenyewe ya mdomoni, kwa sababu kwetu huwezi kumpita dada yako mkubwa bila shikamoo hata kama unamchukia. Mama ndiye aliyetukatia shauri. Alituweka chini jikoni, tukasemezana kwa Kishambaa, ile lugha yetu ya ndani ambayo ndani yake huwezi kujifanya mtu mwingine. Akasema mtoto atarudi kwangu ila siyo kwa kung'olewa kama mche. Atalala kwangu, mchana atakuwa kwa Saumu nikiwa shambani, na Saumu ataitwa mama mkubwa. Kuhusu jina, alisema amezeeka, hawezi kulisikia bila kutetemeka. Nimemwachia Rehema yake. Tukiwa wawili tu namwita Zuhura, na mtoto anaitika majina yote mawili bila shida yoyote.

Alipohamia kwangu alilia kwa ajili ya Saumu. Analia "Mama! Mama!" na mimi nimemshika mikononi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Hawasemi mzazi yupi.

Ndipo nikadai deni langu. Nilimwambia Saumu, "Mtoto nimempata. Sasa nipe na ile miaka." Akawa anakuja baada ya alasiri, anakaa barazani, ananisimulia. Nilimhoji kama polisi. Alisimama wapi? Amevaa nini? Alilia? Daktari alinifundisha niwe narudia kwa sauti jambo ninalotaka libaki, basi nikawa narudia nikipalilia, nikifua, nikimenya viazi, mpaka majirani wakaanza kuogopa kwamba yale yameanza tena. Nikawajibu najifunza tu. Nilisoma utoto wa mwanangu kama wengine wanavyosoma juzuu.

Wivu wangu bado upo, msije mkasema dawa imeutoa. Saumu akimtia mtoto mafuta, mikono yake inajua njia, na mimi natazama pembeni. Bado nasahau. Bado namhofia kidogo mwanangu akikaa kimya sana akitazama bondeni, na namuuliza, "Unasikia nini?" Ananijibu, "Ndege." Nami nachungulia mpaka nimwone huyo ndege. Siku nikikosa kumwona, sitakwenda kubadili jina. Nitampeleka kliniki.

Mwezi uliopita jirani alikuja na mjukuu wake aliyeanza kusimama dede. Akamuuliza Saumu, "Na huyu wenu alianza vipi kutembea?" Saumu akakaa vizuri, akaanza kwa madaha yake.

"Eee, huyu! Tulikuwa shambani tunavuna maharage. Nimemweka kwenye kanga, mara namwona huyo, anamfuata mbuzi..."

"Hapana, dada," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Ilikuwa barazani kwa mama. Mlikuwa mnapukuchua mahindi. Alimfuata jogoo mwekundu, yule mliyemchinja Idi, akafika kwenye ngazi akaanguka, gunzi mkononi. Hakulia. Alikutazama kwanza aone kama wewe utalia."

Niliona Saumu anatafuta, anarudi nyuma, anapapasa kama mtu aliyeingia chumba chenye giza akitafuta mlango. Shamba la maharage lilikuwa halimo, mbuzi hayumo, na jogoo hakumwona.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akauliza taratibu.

"Ndivyo ulivyonisimulia mara ya kwanza."

Alinitazama, na nikalijua lile jicho. Nimelivaa miezi na miezi kwenye benchi la kliniki, kila alipomega plamsi. Ulikuwa wivu, wivu mtupu.

Jirani alipoondoka nilimsogezea dada yangu kigoda karibu nami, nikampa karai la viazi tumenye pamoja, nikaanza kumsimulia upya, tangu jino la kwanza.